Dungu la Mjini

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutaja mahali pa juu. Tunayo roshani, tunayo dari, tunayo ghorofa, tunao mnara, tunacho kilele. Lakini miongoni mwa maneno hayo liko moja ambalo wanafunzi wengi wa siku hizi hawalijui, nalo ni dungu. Dungu ni jukwaa la miti linalosimamishwa shambani, na juu yake hukaa mlinzi anayeamia ndege na wanyama wasije wakala mazao. Mahali pengine huitwa ulingo, ingawa ulingo nao umekwisha hamia kwenye mchezo wa ngumi na kwenye siasa, hata mwanafunzi akilisikia neno hilo huwaza mabondia na wagombea, asiwaze mtama.

Twaanza na neno hili kwa sababu tunataka kuzungumzia jambo ambalo miji mikubwa ya ulimwengu imeligeuza kuwa burudani, yaani kupanda juu ya jengo refu ili kuutazama mji. Paris wana mnara wa Eiffel tangu 1889. New York wana jengo la Empire State tangu 1931. Watu hulipa kiingilio, hupanda lifti, hutazama, hupiga picha, kisha hushuka. Sisi wa Afrika Mashariki nasi tunapo mahali pa namna hiyo. Mjini Kampala wageni hupanda mnara wa msikiti mkuu ulio juu ya kilima cha Old Kampala, wakavitambua vilima vya mji kimoja baada ya kingine: Namirembe na Rubaga yenye makanisa makuu, Kibuli yenye msikiti, Mengo yenye kasri la Kabaka. Mjini Nairobi hupanda juu ya paa la Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta.

Tunalotaka kulieleza katika makala haya ni hili: mahali pa juu pana thamani zaidi kwa mtu mwenye shamba chini yake. Na sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda, tulio na shamba kubwa na majembe machache, tuna sababu ya kulifikiri jambo hilo kuliko watalii.

Sisi twafundisha Karambi, karibu na Bwera, katika Wilaya ya Kasese, magharibi kabisa mwa Uganda. Huku kwetu mtu halipi chochote ili aone mbali. Milima ya Rwenzori iko mgongoni petu, na kilele chake cha Margherita hufika mita 5,109, ijapokuwa siku nyingi hujitanda mawingu kama bibi harusi aliyejifunika ushungi. Ukipanda mteremkoni kidogo tu waona uwanda wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, waona Ziwa Edward likimeta, na ng'ambo ya Mto Lhubiriha waiona nchi ya Kongo. Wakulima wanaopakana na hifadhi hukesha mashambani mazao yanapokomaa, maana ndovu hajui mpaka wala haombi ruhusa. Mtu anayekesha hivyo hatazami mandhari. Akiona majani yakitikisika anajua ni mahindi ya nani yaliyo hatarini, na anajua jina la kuliita. Kila akionacho kina mwenyewe.

Kwa watu waliozoea milima, yamkini safari ya kwenda kupanda jengo ingeonekana kuwa mchezo. Sisi hatukuifunga safari kwa ajili ya jengo. Januari 2023, shule zikiwa zimefungwa, tulisafiri walimu wanne hadi Nairobi kutafuta vitabu vya kiada na vya ziada, kwa kuwa huko ndiko viliko viwanda vikubwa vya uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili vilivyo karibu nasi. Tulipomaliza shughuli ya vitabu tukabakiwa na asubuhi moja. Mwenzetu mmoja, kijana aliyehitimu karibuni, akasema si vyema kufika Nairobi na kurudi bila ya kuuona mji kutoka juu. Tukakubali.

Jumba lenyewe lina historia inayofaa kujulikana. Lilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik, msanifu majengo kutoka Norway, akishirikiana na David Mutiso, msanifu majengo Mkenya. Ujenzi ulianza katika miaka ya 1960 ukakamilika mwaka 1973. Hapo awali lilikusudiwa liwe makao makuu ya chama cha KANU, lakini mipango ikapanuka kadiri siku zilivyokwenda, na mwaka huohuo wa 1973 mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ukafanyika humo. Mnara wake una urefu wa mita 105, na kando yake uko ukumbi wenye paa lililochongoka kama nyumba ya msonge. Kwa miaka mingi halikuwako jengo refu zaidi nchini Kenya, mpaka majengo mapya kama vile Times Tower yalipolipita. Leo yako mengine marefu zaidi, kama vile Britam Tower ya Upper Hill, yenye mita 200, iliyokamilika mwaka 2017. Hata hivyo watu hawajaacha kulipanda jumba hili, maana liko katikati ya mji, na aliye katikati huona pande zote.

Tulilipa kiingilio tukaingia katika lifti. Ikapanda kwa kasi hata masikio yakaziba. Sehemu ya mwisho tulipanda ngazi kwa miguu, tukatokea paani, penye uwanja wa duara uliotengenezwa ili helikopta ipate kutua. Upepo ulivuma kwa nguvu, na kila mmoja wetu akashika kofia yake au kitambaa chake.

Kwa hakika palipendeza. Chini yetu kabisa palikuwa na majengo ya Bunge na mnara wake wa saa, na kaburi la Mzee Jomo Kenyatta ndani ya ua wake. Hapo karibu palikuwa na Kanisa Kuu la Familia Takatifu na ofisi za Kaunti ya Jiji. Mbele kidogo minara ya Msikiti wa Jamia. Upande mmoja milima ya Ngong ilijipanga kama vifundo vya ngumi. Upande wa kusini, pale majengo yalipokoma, ulianza uwanda wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Hapo sote tulicheka, kwa maana tuliwahi kudhani kuwa kupakana na simba na nyati ni habari ya watu wa Kasese peke yao.

Lakini kilichotushika zaidi kilikuwa stesheni ya reli. Kutoka juu reli huonekana kama mshono katika nguo: waona jinsi pande mbili za mji zilivyounganishwa nayo, na waona kwamba bila ya mshono huo nguo yenyewe isingekuwako. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, ikakuta nyika na maji. Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mwaka 1901 reli ikafika Kisumu kwenye ziwa. Mwaka 1931 njia ya reli ikafika Kampala. Na mwaka 1956 ikafika mwisho wake wa magharibi, nao ni Kasese kwetu, kwa ajili ya kuchukua shaba ya Kilembe na kuipeleka Jinja kuyeyushwa.

Basi mji ule tuliokuwa tukiutazama na mji wetu wa Kasese ni ndugu wa reli moja, huyu wa 1899, huyu wa 1956. Reli hiyo haikuleta mabehewa matupu. Ilileta mafundi, makarani na vibarua wa makabila mengi, na kwa Kiswahili ndiko wengi wao walikosikilizana. Baadaye uchimbaji wa shaba ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 treni zikaacha kuja Kasese. Lugha haikupanda behewa la mwisho ikaondoka. Ilibaki, na ingali inasemwa. Habari hizi tulizijua mbalimbali, moja kitabuni, nyingine kutoka kwa wazee. Pale juu ndipo tulipoziona zimekuwa habari moja. Huo ndio wema wa mahali pa juu, na mwalimu hapaswi kuudharau: hukuonyesha vitu jinsi vinavyohusiana.

Ubaya wake ulionyeshwa na mwenzetu mwingine, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye sisi sote humwita Mama kwa heshima. Yule kijana alikuwa amesimama kwenye ukuta, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Mama, tazama mji ulivyopangika," alisema. "Tazama ulivyo safi. Laiti kwetu pangekuwa hivi!"

"Usafi huo ni wa mbali, mwanangu," Mama akamjibu. "Hebu sikiliza. Wamsikia mtu hata mmoja akinena?"

Tukanyamaza, tukategea. Palikuwa na upepo, na honi za magari zilizosikika kwa mbali kama nzi ndani ya chupa. Watu walionekana, lakini kama punje.

"Basi," Mama akasema, "huku juu hakuna Kiswahili."

Tulishuka. Mlangoni askari akatuaga kwa Kiswahili fasaha: "Karibuni tena, wageni wetu." Hatua chache mbele, utingo wa matatu alikuwa akiita abiria kwa Sheng, na kati ya maneno kumi tuliambulia manne. Kwenye meza ya vitabu vikuukuu, mzee mmoja alitubembeleza tununue kamusi, kwa lafudhi ya pwani iliyomfanya Mama asimame kumsikiliza hata baada ya bei kukatwa. Katika mita mia mbili tulikuwa tumesikia Kiswahili cha namna tatu, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Kutoka juu ya paa hatukusikia hata kimoja.

Maneno ya Mama yametukaa, kwa kuwa yanahusu kazi yetu sote tusomao jarida hili. Lugha yetu nayo imetazamwa sana kutoka juu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyozihusu Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kwa muda kuanzia mwaka 1952 kamati hiyo ilikuwa na makao yake Makerere, katika nchi yetu wenyewe. Hapa Uganda, mwaka 1973 serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hatusemi kwamba mambo hayo ni mabaya. Bila ya usanifishaji, mtoto wa Karambi na mtoto wa Tanga wasingeweza kusoma kitabu kimoja, wala sisi tusingekuwa na sababu ya kusafiri siku mbili kwa basi kufuata vitabu. Anayetazama kutoka juu ndiye aliyeuona mshono. Lakini amri iliyotolewa juu huuona mji bila kuwasikia watu. Mwaka 1973 hakuulizwa mwananchi wa kawaida wa Uganda alikisikia Kiswahili kinywani mwa nani. Na wengi walikisikia kinywani mwa askari mwenye bunduki. Hofu hiyo haikufutwa na tangazo. Hadi leo wako wazazi, hasa katika sehemu za kati za nchi, wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya amri na ya wizi. Kazi ya kuiondoa hofu hiyo haikufanywa na Baraza lolote. Inafanywa na mwalimu, darasani, mtoto mmoja baada ya mwingine.

Huku mpakani tatizo letu ni la namna nyingine. Watoto wetu hawakiogopi Kiswahili. Hukisikia tangu utotoni. Siku ya gulio la Mpondwe, Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule, ambao ni jamaa moja na husikilizana kwa lugha ya mama, hukutana na wachuuzi wa makabila mengine kutoka Kasindi, Beni, Butembo na mbali zaidi. Huuziana samaki, maharage, kahawa, mawese na vitenge, na mahali lugha ya mama inapokoma ndipo Kiswahili kinapoanza. Ni Kiswahili cha Kongo, chenye kanuni zake.

Tunaye mwanafunzi mmoja, msichana, aliyehamia kwetu akitoka shule nyingine. Daftari lake lilikuja limejaa wino mwekundu, na pembeni mwa ukurasa mmoja palikuwa pameandikwa kwamba Kiswahili chake ni takataka. Darasani alikuwa bubu. Akiulizwa, hutazama meza. Siku moja tulimkuta sokoni akimsaidia shangazi yake kuuza maharage. Alikuwa akizungumza na wateja watatu kwa zamu, kwa lugha tatu, akipunguza bei hapa, akitania pale, na kwa mchuuzi kutoka Beni alisema bila kusita: "Miye naendaka huko na shangazi, bei ya huko naijua." Mchuuzi akacheka, akalipa.

Basi juma lililofuata tuligawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja tuliandika "sokoni", upande wa pili "kitabuni". Chini ya "sokoni" tukaandika: Naendaka Beni. Chini ya "kitabuni" tukaandika: Huenda Beni. Tukaeleza kwamba ile -ka inayowekwa mwishoni mwa kitenzi katika Kiswahili cha Kongo huonyesha jambo la mazoea, na kwamba kazi hiyohiyo, katika Kiswahili sanifu, hufanywa na hu- iwekwayo mwanzoni. Asemaye "naendaka" hajakosa kanuni. Anafuata kanuni ya mahali pake. Katika mtihani ataandika "huenda", kwa sababu mtihani una mahali pake nao. Darasa zima likaanza kutoa mifano: nalimaka, hulima, nauzaka, huuza, nalalaka, hulala. Yule msichana akanyosha mkono kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu," akauliza, "kumbe hii hu- nilikuwa naijua tayari?"

"Ulikuwa ukiijua," tukamjibu. "Ulikuwa hujaambiwa jina lake tu."

Tangu siku hiyo hajanyamaza tena, na wakati mwingine hatuna budi kumwomba awaachie wenzake nafasi. Lakini twajua kwamba wako wengi kama yeye, katika Bwera, katika Mpondwe, na bila shaka katika miji mingine ya mipakani, ambao madaftari yao yana wino mwekundu na vinywa vyao vimefungwa. Somo likiwa la lazima, na mwalimu akalifundisha kana kwamba kabla yake mtoto hakuwa na kitu, tutapata kizazi kinachofaulu mtihani wa Kiswahili na kuona haya kukisema. Hiyo itakuwa hasara kubwa kuliko kutofundisha kabisa.

Waswahili walisema: mpanda ngazi hushuka. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mwenye majivuno, aliyepewa cheo akasahau kwamba cheo kina mwisho. Sisi twaona kwamba yafaa pia kuwa nasaha kwa mwalimu. Panda, kwa maana sarufi, historia na kamusi ziko juu, na asiyepanda atafundisha mtaa wake akidhani ndio mji. Kisha shuka, kwa maana waneni wako chini. Mlinzi wa dungu hafanyi lingine: huona kutoka juu, na likimpasa hushuka kwa miguu yake kwenda kulitenda. Akibaki juu akipiga kelele tu, nyani humzoea.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu walio karibu na Nairobi, Kampala au mji wowote wenye jengo la kupandwa, wawapeleke wanafunzi wao wakautazame mji kutoka juu. Asiye na ghorofa ana kilima. Lakini wasiwaache wapige picha tu. Wakiwa juu, wataje kwa Kiswahili kila wanachokiona na jinsi kinavyoungana na kingine: barabara na soko, mto na daraja, reli na ghala. Wakishuka, waende katika moja ya mahali hapo wasikilize kwa nusu saa, wakiandika maneno kama yanavyosemwa, pasipo kusahihisha. Kesho yake ubao ugawanywe sehemu mbili. Kazi hiyo haihitaji vitabu ambavyo hatunavyo, wala haisubiri amri nyingine.

Tena tungependa kuwaomba wasomaji wa jarida hili kitu kimoja. Jukwaa lile la mlinzi shambani, ambalo sisi tumeliita dungu, huitwaje huko kwenu? Liandikeni neno hilo kama wazee wa kwenu wanavyolitamka, pamoja na jina la mahali, mlitume kwa mhariri. Huenda Kiswahili kina maneno kumi ya kitu hicho kimoja, na yote yamesimama mashambani yakingoja mtu wa kuyashukia.